Tusimtolee Dhalimu Ushahidi: Neno kuhusu Dada Zetu wa Sudan

Kwa jina la Allah, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyeiharamisha dhulma juu ya nafsi Yake na akaiharamisha baina ya waja Wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, maswahaba wake na kila anayefuata njia yao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Ndugu zangu wanafunzi, kaka na dada.

Neno langu katika toleo hili linahusu wanawake wa Sudan: wale waliosimama barabarani kudai haki chini ya utawala uliowapiga viboko, na wale ambao hadi leo wanasema kweli katikati ya vita. Swali ni hili: Muislamu aliye Bujumbura, mwanafunzi asiye na mali wala cheo, anadaiwa nini na mwanamke anayedhulumiwa Khartoum? Jibu langu nalitoa mapema. Deni la kwanza haliko mfukoni, liko kwenye ulimi. Kabla hatujajiuliza tutamsaidiaje mdhulumiwa, tuache kumtolea dhalimu ushahidi.

Sudan si nchi ya mbali kwetu. Vijana wengi wa Afrika Mashariki, Warundi wakiwemo, wamesoma Khartoum katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, wakarudi kutufundisha Kiarabu na fiqhi. Tumekunywa elimu kutoka kisima kile. Haifai waliochimba kisima wakilia, sisi tuzibe masikio.

Yaliyotokea

Omar al-Bashir alichukua madaraka kwa mapinduzi ya kijeshi tarehe 30 Juni 1989, akatawala karibu miaka 30 akisema anasimamisha sharia. Kifungu cha 152 cha sheria ya jinai ya mwaka 1991 kiliruhusu mtu apigwe viboko hadi 40 kwa vazi au kitendo kinachoonekana kuudhi hisia za watu. Vazi gani hasa? Sheria haikusema. Askari wa nidhamu ya umma ndiye aliyeamua, papo hapo, kwa jicho lake.

Walioumia zaidi walikuwa maskini. Khartoum ilijaa akina mama waliokuwa wakiuza chai kandokando ya barabara, wengi wao walikuwa wamekimbia vita Darfur na Kordofan. Askari walikuwa wakiwanyang'anya mabirika na viti vyao na kuwatoza faini. Mfikirie mama anayeuza ndagala pale Ruvumera: mtaji wake wote uko kwenye beseni moja, na leo beseni limechukuliwa. Mmoja wa akina mama wale wa Sudan, Awadeya Mahmoud, aliwakusanya wenzake wakaunda ushirika wa kutetea haki zao.

Mwezi wa Julai 2009 mwandishi wa habari Lubna Hussein alikamatwa mgahawani Khartoum pamoja na wanawake wengine 12. Kosa lao: kuvaa suruali. Wengi wao walikiri wakachapwa viboko kumi kumi, yakaisha. Yeye alikataa. Alifanya kazi Umoja wa Mataifa na angeweza kujificha nyuma ya kinga ya kazi hiyo, lakini akaiacha kazi ili ahukumiwe kama raia yeyote, na akawaalika watu waje kusikiliza kesi. Mahakama ilimtoza faini ya pauni 500 za Sudan. Akasema halipi, akapelekwa gerezani, na akatoka baada ya chama cha waandishi kumlipia. Mwaka huohuo wanawake wa Sudan waliunda kundi lililojiita Hapana kwa Ukandamizaji wa Wanawake.

Kisha ikaja Desemba 2018. Bei ya mkate ilipanda mara tatu, watu wa Atbara wakaingia barabarani, na moto ukaenea nchi nzima. Katika maandamano mengi wanawake walikuwa mstari wa mbele. Dunia ilimjua Alaa Salah, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 22, aliyepigwa picha Aprili 2019 akiwa amesimama juu ya gari, amevaa tobe jeupe, mkono ameuinua. Tarehe 11 Aprili Bashir aliondolewa. Lakini asubuhi ya tarehe 3 Juni 2019, mwishoni mwa Ramadhani, wakati watu wakiingojea Idi, wanajeshi waliwavamia waliokuwa wamekaa mbele ya makao makuu ya jeshi. Waliuawa watu zaidi ya 100, na wanawake walibakwa.

Hata hivyo matunda yalionekana. Novemba 2019 sheria za nidhamu ya umma zilifutwa. Julai 2020 adhabu ya viboko ikaondolewa kwa makosa mengi, ukeketaji ukafanywa kosa la jinai, na mama akaruhusiwa kusafiri na watoto wake bila kuomba idhini ya mwanamume. Haikudumu. Oktoba 2021 majenerali walifanya mapinduzi mengine, na tarehe 15 Aprili 2023 jeshi na wanamgambo wa RSF wakaanza kupigana wao kwa wao. Zaidi ya watu milioni 10 wamehama makwao. El Fasher ilizingirwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuangukia mikononi mwa RSF Oktoba 2025.

Maneno matatu tunayoyasikia

Habari hizi zinapotufikia kwenye simu, iwe baada ya swala ya Isha au kwenye ligala za mitaani kwetu, hayakosi kusikika maneno matatu. Nayajadili moja baada ya jingine, kwa kuwa wanaoyasema ni ndugu zetu na baadhi yao wanayasema kwa nia njema.

Neno la kwanza: "Wanawake hawa wameiacha dini. Angalia mavazi yao, angalia wanavyopaza sauti mbele za wanaume."

Ndugu yangu, umefungua Qur'ani ukaiona Surat al-Mujadila, sura ya 58? Jina lake linatokana na mwanamke aliyejadiliana. Khawla bint Tha'laba (R.A.) alidhulumiwa na mumewe, aliyemtamkia dhihar, maneno ya kijahiliya ya kumfanya mke kuwa kama mgongo wa mama yake: si mke tena, wala hajaachwa huru. Khawla hakukaa nyumbani kulia. Alikwenda kwa Mtume (S.A.W.), akaeleza, akajadili, akarudia, akamshtakia Allah. Mama Aisha (R.A.) amesimulia kwamba alikuwa karibu nao na baadhi ya maneno hayakumfikia, lakini Allah aliyasikia kutoka juu ya mbingu saba. Aya ya kwanza ya sura hiyo inatangaza kwamba Allah amekwishayasikia maneno ya mwanamke yule. Hakuambiwa sauti yake ni aibu. Desturi iliyomdhulumu ndiyo iliyobatilishwa, na sisi tunaisoma sura hiyo katika swala mpaka leo.

Imepokewa pia kwamba Umar (R.A.), akiwa khalifa, alisimamishwa njiani na bibi huyu, naye akasimama muda mrefu akimsikiliza. Waliokuwa naye walishangaa. Akawaambia kwamba mwanamke ambaye Allah amemsikiliza, Umar hana budi kumsikiliza.

Kuhusu mavazi, sikatai kwamba stara ni amri ya Allah, kwa wanaume na kwa wanawake. Lakini angalia ajabu hii. Qur'ani ilipotaja viboko katika suala la heshima ya mwanamke, ilimwelekezea nani? Surat an-Nur, aya ya 4: anayewasingizia wanawake watahirifu zinaa, asilete mashahidi wanne, apigwe viboko 80 na ushahidi wake usikubaliwe tena. Viboko vile ni vya mwenye ulimi mchafu. Utawala wa Bashir uliligeuza jambo. Mwenye kushuku, bila shahidi hata mmoja, akapewa mamlaka, na aliyeshukiwa akapigwa. Nasi tunapoitazama picha ya dada tusiyemjua tukasema "huyu ni malaya", tujiulize tumewaleta wapi mashahidi wetu wanne. Katika sura hiyohiyo, aya ya 12, Allah anawalaumu waumini waliosikia uzushi dhidi ya Mama Aisha na hawakuwadhania wenzao wema. Lawama ile haikuisha Madina.

Neno la pili: "Hii ni fitna. Dini inakataza kumtokea mtawala."

Hili ni neno zito, na mwanafunzi wa dini halipuuzi. Wanazuoni wengi wa Ahlu Sunna walikataza kumtokea mtawala kwa silaha, hata akiwa dhalimu, na sababu yao ilikuwa damu: waliona uasi mara nyingi unazaa dhulma kubwa zaidi ya ile ya kwanza. Sisi wa Burundi hatuhitaji kitabu kutufundisha hofu hiyo.

Lakini tutofautishe. Kushika silaha ni jambo moja, na kusema neno la haki ni jambo jingine. Mtume (S.A.W.) amelihesabu neno la haki mbele ya mtawala dhalimu kuwa katika jihadi iliyo bora, kama walivyopokea Abu Dawud na Tirmidhi. Hakusema ni neno la wanaume tu. Na Surat at-Tawba, aya ya 71, inawataja waumini wanaume na waumini wanawake kuwa ni walinzi wao kwa wao, wote wakiamrisha mema na kukataza maovu. Wasudani wale walikuwa wakiimba barabarani "silmiyya", yaani kwa amani. Waliswali jamaa palepale walipokaa. Waliobeba bunduki asubuhi ile ya Juni hawakuwa wanawake wa Khartoum. Anayeita fitna sauti ya aliyepigwa, na akakinyamazia kiboko, ameyageuza maneno ya wanazuoni.

Neno la tatu: "Haki za wanawake ni ajenda ya Wazungu, haituhusu."

Haki ya mwanamke ya kumiliki mali, kurithi, kukubali au kukataa ndoa na kutafuta elimu, tumeisoma katika vitabu vyetu. Babikir Badri alipofungua shule ya wasichana kule Rufaa mwaka 1907, akaanza na mabinti wa nyumba yake na wa majirani, hakuwa ametumwa na Ulaya. Alikuwa Muislamu aliyewahi kupigana katika jeshi la Mahdi dhidi ya wageni. Kazi ya familia yake ndiyo iliyozaa Chuo Kikuu cha Wanawake cha Ahfad, Omdurman. Na Desemba 2022, watawala wa Afghanistan walipowafungia wanawake milango ya vyuo vikuu, Sheikh wa al-Azhar, Ahmed al-Tayeb, alisema wazi kwamba uamuzi ule unapingana na sharia. Dada unayesoma makala haya ukitoka darasani, mwenzako wa Kabul hana darasa la kutoka.

Tuseme pia kuna wasio Waislamu wanaowatetea wanawake hawa, baadhi yao kwa maslahi yao. Je, haki inageuka batili kwa sababu ya aliyeitamka? Kabla ya utume, mfanyabiashara kutoka Yemen alidhulumiwa Makka na mkubwa wa Kikureshi aliyechukua bidhaa zake bila kumlipa. Alikuwa mgeni, hakuwa na ukoo wa kumtetea. Watu wakakusanyika nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an wakaapa kusimama na kila mdhulumiwa, mwenyeji au mgeni. Hicho ndicho kiapo cha Hilf al-Fudhul. Mtume (S.A.W.) alikuwepo akiwa kijana, na baada ya kupewa utume alisema kwamba lau angeitiwa kiapo kama kile ndani ya Uislamu, angeitika. Walioapa siku ile walikuwa washirikina. Aliyeteswa alikuwa mtu wa nchi nyingine. Hayo hayakumzuia Mtume wetu.

Wazee wetu waliielewa sunna hii. Katika vita vilivyoanza mwaka 1993, Buyenzi iliendelea kukaliwa na watu wa makabila yote, na waliokimbia mitaa mingine walipata hifadhi pale. Aliyebisha hodi usiku alifunguliwa mlango. Sisi tuliozaliwa baadaye tumerithi jina zuri kwa kazi ambayo hatukuifanya. Njia ya kulitunza ni kuuacha mlango wazi, hata anayebisha akiwa yuko Omdurman na sauti yake inatufikia kwa simu tu.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tuulinde ulimi na kidole. Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatuamuru tuichunguze habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Picha na video za Sudan zinazozunguka kwenye makundi yetu nyingine ni za zamani, nyingine ni za nchi nyingine, na nyingine zinamwonyesha mwanamke katika hali ambayo hata wewe usingependa dada yako aonekane nayo. Ukiwa huna uhakika, usisambaze. Ikiwa ni ya kumdhalilisha, ifute hata kama ni ya kweli. Aliyebakwa hahitaji watazamaji. Na jina au picha ya mtu aliyeko ndani, chini ya mkono wa dhalimu, usiitangaze bila ridhaa yake. Wewe utapata sifa, yeye atagongewa mlango.

Pili, tuseme kweli mbele ya wetu. Mtume (S.A.W.) ameamuru kumsaidia ndugu, awe dhalimu au mdhulumiwa, na maswahaba walipouliza dhalimu anasaidiwa vipi, akawajibu kwamba ni kwa kuzuiwa dhulma yake. Hatuwezi kumzuia jenerali wa Khartoum. Tunaweza kumzuia rafiki anayewatukana dada zetu kwenye darsa. Fanya hivyo kwa adabu, kwa dalili, bila kumuaibisha. Surat an-Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Dhulma inayofanywa kwa jina la Uislamu, Muislamu ndiye wa kwanza kuikana, kwa sababu ni dini yake iliyoibiwa jina.

Tatu, tutoe. Sadaka ya mwanafunzi ni ndogo, lakini Allah hapimi kwa mizani ya benki. Ndani ya Sudan, wengi wa vijana waliokuwa barabarani mwaka 2019 sasa wanaendesha vyumba vya dharura na majiko ya pamoja wanayoyaita takaya, ambako wanawake wanapikia majirani waliokosa chakula. Wengine wamekimbilia Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo, si mbali na sisi. Jumuiya yetu ikusanye kila Ijumaa kilichopo, iwe faranga mia tano au elfu moja, ipeleke kupitia njia inayojulikana na iliyo halali, na iwasomee wanachama hesabu waziwazi.

Nne, tuanze nyumbani. Haitakuwa kweli kumpigania dada wa Sudan asikike wakati dada wa jumuiya yetu akinyanyua mkono kwenye mkutano anapitwa, kazi yake ikiwa ni kupika siku ya Maulidi tu. Wapewe nafasi ya kusema na kuamua. Na mwenzetu akija na malalamiko ya kunyanyaswa, na yeyote yule, tumsikilize kwanza kama Umar alivyomsikiliza Khawla, amesimama, bila kutazama saa.

Tano, dua. Mtume (S.A.W.) alipomtuma Muadh (R.A.) Yemen alimtahadharisha na dua ya aliyedhulumiwa, kwa kuwa hakuna pazia baina yake na Allah. Mwanamke aliyepigwa viboko kwa sababu ya vazi, au aliyenyang'anywa birika la chai, au aliyevunjiwa heshima katika usiku wa Ramadhani, dua yake imeshafika. Kilichobaki kujulikana ni sisi tuko upande gani wa dua hiyo. Je, miongoni mwa wanaoombewa, au miongoni mwa wanaoshtakiwa?

Waumini ni kama mwili mmoja, kiungo kimoja kikiuma mwili wote hukesha. Asiyekesha ajichunguze, huenda amekatika.

Ewe Allah, Uliyemsikia Khawla, wasikie waja Wako wanawake wa Sudan, wa Afghanistan na wa kila pahala wanapodhulumiwa. Wape walinzi wema, waponye majeraha yao, warudishie watoto wao na nyumba zao. Mzuie kila dhalimu, na usitujaalie sisi kuwa wasaidizi wake kwa mkono wala kwa ulimi. Ijaalie nchi yetu ya Burundi amani na uadilifu, na uzithibitishe nyoyo zetu juu ya haki. Amin.

Wabillahi tawfiq.